Munganga-mtafiti wa kansere: anafanya kazi gani, na mgonjwa yuko na haki gani mbele yake

Familia nyingi za Goma, Bukavu, Beni, Butembo, Bunia na Uvira zinajua safari ya kutafuta matibabu ya kansere. Munganga wa hapa anaandika barua ya transfere, familia inakusanya feza, mgonjwa anavuka mpaka. Wengine wanaenda Kampala, kwenye Uganda Cancer Institute, juu ya kilima cha Mulago. Wengine wanaenda Butaro, kaskazini ya Rwanda, fasi kituo cha kansere kilifunguliwa 2012.

Kwenye hospitali kubwa sawa hizo, jambo moja linashangaza watu. Nyuma ya vipimo, munganga mwingine anaweza kuja na makaratasi mkononi. Anaeleza kama kuna utafiti unaendelea, na anauliza kama mgonjwa anakubali kuingia ndani. Hapo familia inaangaliana. «Batatujaribisha sawa panya?» «Tukikataa, batatufukuza?» «Na nani atalipa?»

Makala hii inaeleza huyo munganga ni nani, kazi yake inaendaje, imeleta faida gani kwa watu wa kanda yetu, na wewe unapashwa kumuuliza nini mbele ya kutia sahihi.

Munganga mwenye kazi mbili

Kwa Kifaransa watu wanasema «médecin chercheur», na kwa Kiingereza kazi hiyo inaitwa «clinical research fellow». Sisi tutasema munganga-mtafiti. Si mwanafunzi mwenye anajifunzia juu ya miili ya watu. Ni munganga mwenye diplome, mwenye amekwisha kutibu wagonjwa kwa miaka, na mara nyingi ameanza ao amemaliza masomo ya ubingwa. Kisha anachukua miaka 2 ao 3 ya kutumika chini ya profesa ao bingwa wa kansere, juu ya kujifunza kufanya utafiti. Uingereza, wengi wanafanya vile ili wapate doktora.

Kazi yake ya kwanza ni kutibu. Anaona wagonjwa, anaandika dawa, anafuata hali yao. Kazi ya pili ni kuuliza swali moja na kulitafutia jibu. Munganga wa kawaida anajiuliza: huyu mama aliye mbele yangu anahitaji nini leo? Munganga-mtafiti anaongeza swali lingine: na mama mia moja wenye ugonjwa sawa na wake, ni dawa gani itawasaidia zaidi?

Mara nyingi maswali hayo mawili yanatembea pamoja. Lakini kuna siku yanaachana. Njo maana sheria za utafiti ziliwekwa, na njo maana mgonjwa anapashwa kuzijua.

Kazi hii haikutoka mbali

Watu wengi wanafikiri utafiti wa kansere ni mambo ya Ulaya na Marekani. Kumbe moja ya hatua kubwa ya kazi hii ilianza kwa jirani zetu, Kampala.

Katika miaka ya 1950, Denis Burkitt, munganga mpasuaji kutoka Ireland, alikuwa anatumika kwenye hospitali ya Mulago. Aliona watoto wenye taya zimevimba, wengine pande zote za uso, na meno yanalegea. Akaandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1958. Mwaka 1961 akachukua gari pamoja na wenzake wawili, wakazunguka hospitali za Afrika ya Mashariki na ya Kusini, wakiuliza fasi moja moja: hapa mnaona watoto wa namna hii? Jibu lilikuwa na maana. Ugonjwa ulikuwa mwingi kwenye mabonde yenye joto na mvua, fasi malaria iko nyingi, na ulikuwa haba kwenye milima yenye baridi.

Burkitt alikuwa anatuma pia vipande vya uvimbe London. Huko, mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Ilikuwa mara ya kwanza virusi kuhusishwa na kansere ya mwanadamu.

Mwaka 1967, Makerere na taasisi ya kansere ya Marekani wakafungua Kampala kituo cha kutibu watoto hao. Kituo hicho njo kimekuwa Uganda Cancer Institute. Mkubwa wake wa kwanza, John Ziegler, alikuwa yeye mwenyewe munganga kijana wa utafiti. Pamoja na wenzake walionyesha kama kuchanganya dawa mbalimbali kunaweza kuponya watoto wengi. Wakati wa utawala wa Idi Amin, Ziegler akarudi kwao, na Charles Olweny, Mganda, akashika uongozi. Kazi haikusimama.

Hapa kuna jambo la kukamata kwa kila mzazi. Uvimbe wa Burkitt unakomaa haraka sana: unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja ao mbili. Mtoto akivimba taya ao tumbo, meno yakilegea bila sababu, kumng'oa meno na kungojea si matibabu. Kila juma lenye kupotea ni hatari. Lakini akifika mapema fasi dawa ziko, ugonjwa huu ni kati ya kansere zenye zinaponeka.

Siku ya kazi inaendaje

Asubuhi munganga-mtafiti anapitia wagonjwa wenye walilala hospitali. Kiisha anaenda kwenye konsultasyo. Kwa mgonjwa mwenye aliingia kwenye utafiti, hawezi kutumika tu na ujuzi wa kichwa chake. Anafuata protokole: kitabu chenye kinaandika kila kitu mbele ya kazi kuanza. Nani anaruhusiwa kuingia, dawa kiasi gani, siku gani, vipimo vipi, na ni wakati gani dawa inapashwa kusimamishwa.

Mbele ya kila duru ya shimio, anaangalia damu. Chembe nyeupe zikishuka sana, duru inangojea. Anapima uvimbe kwa kipimo kile kile cha siku ya kwanza, kwa milimita, juu mtu asiseme tu «naona umepunguka». Anauliza pia juu ya madhara: kutapika, vidonda vya mdomo, ganzi ya vidole, kuhara. Kila dhara linapewa namba, kutoka 1 mpaka 5. Namba 1 ni dhara nyepesi, 3 ni kali, 4 inatisha maisha, 5 ni kifo.

Mgonjwa akipatwa na jambo zito, kwa mfano akalazwa hospitali, taarifa inapashwa kutumwa haraka kwa wenye kusimamia utafiti, kwa kawaida ndani ya masaa 24. Haijalishi kama dawa njo ilileta lile jambo ao hapana. Wanaandika kwanza, wanachunguza nyuma.

Mchana unapita kwenye makaratasi, kwenye labo, na kwenye simu. Simu ni sehemu kubwa ya kazi, juu mgonjwa mwenye hakurudi ni shida mara mbili: yeye mwenyewe yuko kwenye hatari, na jibu la utafiti linaharibika. Kwa watu wa huku kwetu, fasi barabara inaweza kufungwa kwa siku moja juu ya vita, jambo hilo linapashwa kusemwa tangu mwanzo. Mwambie munganga: ninatoka fasi fulani, naweza kukosa njia. Muulize: nikikwama, nimpigie nani, na dawa nitapata wapi?

Na jambo moja la kila mgonjwa wa shimio, awe kwenye utafiti ao hapana: homa ya 38 na zaidi si ya kungojea asubuhi. Huku kwetu tunazoea kusema «ni malaria» na kumeza dawa nyumbani. Nyuma ya shimio mwili hauna askari wa kutosha, na maambukizi yanaweza kuua kwa masaa machache. Enda hospitali usiku ule ule, na useme wazi kama unatumia dawa za kansere.

Jaribio linapita hatua gani

Dawa mpya haitoki kwenye labo na kuingia mara moja kwa watu wote. Kwanza inachunguzwa kwenye labo na kwa wanyama. Kisha inakuja kwa watu kwa hatua.

Hatua ya 1 inachukua watu wachache. Swali ni: kiasi gani mwili unaweza kuvumilia? Kwa magonjwa mengi hatua hiyo inafanywa na watu wazima wenye afya. Kwa dawa nyingi za kansere, inafanywa na wagonjwa wenyewe, mara nyingi wale wenye dawa za kawaida zimeshindwa, juu dawa ni kali.

Hatua ya 2 inauliza kama dawa inapunguza ugonjwa kweli. Hatua ya 3 inalinganisha: kundi moja linapata dawa ya kawaida, lingine linapata ile mpya. Nani anaingia kundi gani? Si munganga anachagua, wala si feza, wala kabila. Ni sawa kupiga kura, na kompyuta njo inachagua. Bila vile, munganga angeweza kuwapa dawa mpya wagonjwa wenye nguvu, kisha kusema dawa ni nzuri.

Watu wanaogopa pia «dawa ya bure», yaani kidonge ao sindano isiyo na dawa ndani. Kwenye kansere, kama kuna dawa yenye inajulikana kusaidia, haikubaliwi kumnyima mgonjwa juu ya utafiti. Dawa isiyo na kitu, ikitumiwa, mara nyingi inaongezwa juu ya matibabu ya kawaida, haichukui fasi yake.

Sisi wenyewe tulikwisha kuona jaribio

Watu wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina wanajua jambo hili kuliko wengi. Mwezi wa Novemba 2018, wakati Ebola ilikuwa inaua, jaribio lenye jina PALM lilianza kwenye vituo vya matibabu. Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa kati ya viongozi wake. Dawa 4 zililinganishwa, na wagonjwa 681 waliingia.

Mwezi wa Agosti 2019 komite yenye ilikuwa inachunguza namba ikasema: simamisheni. Dawa mbili zilikuwa zimeshinda wazi. Kati ya wagonjwa wenye walipata hizo mbili, karibu 35 kwa 100 walikufa. Kati ya wenye walipata zile zingine, karibu 50 kwa 100 ao zaidi. Toka siku hiyo wagonjwa wapya wakapewa zile dawa mbili. Moja kati yao, mAb114, ilitokana na damu ya mtu mwenye alipona Ebola Kikwit mwaka 1995.

Ebola si kansere, lakini njia ni ile ile: swali moja, makundi yenye kulinganishwa, namba zenye kuchunguzwa na watu wasio wenye dawa, na jaribio kusimamishwa jibu likipatikana.

Na kwenye kansere? Tuseme mifano miwili. Sarkoma ya Kaposi inapata sana watu wenye virusi vya ukimwi. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika ya Kusini na Brazili, na watu 334, ulilinganisha matibabu matatu ya shimio pamoja na dawa za ukimwi. Yenye ilitumia paklitaksel ilishinda, na matokeo yakatangazwa 2020. Hizo zote zilikuwa dawa za zamani. Hakuna aliyegundua kitu kipya. Watu waliuliza tu swali lenye lilikuwa halijajibiwa kwa wagonjwa wetu.

Mfano wa pili ni chanjo ya virusi vya HPV, vyenye vinaleta kansere ya shingo ya kizazi. Zamani walikuwa wanatoa sindano 3, kisha 2. Kenya, wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 mpaka 20 waliingia kwenye utafiti. Mwanza, Tanzania, utafiti mwingine ulichukua wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14. Utafiti wa Kenya ulionyesha kama sindano moja inakinga sana. Ule wa Mwanza ulionyesha kama mwili wa msichana unajenga ulinzi mzuri nyuma ya sindano moja. Mwezi wa Desemba 2022, Shirika la Afya Ulimwenguni likakubali kama inchi zinaweza kutumia sindano moja. Kwa inchi yenye barabara mbaya, kati ya kurudi kwa msichana mara tatu na kumkuta mara moja kuna tofauti kubwa sana.

Fasi ya kuwa macho

Munganga-mtafiti si malaika. Yeye pia anatafuta doktora, jina, na kazi ya kesho. Anahitaji watu waingie kwenye utafiti wake kwa muda aliopewa. Anaweza kusema maneno matamu kupita kiasi bila hata kujua.

Mgonjwa naye yuko na uzito wake. Ametoka mbali, feza zimeisha, na mbele yake kuna mtu mwenye koti nyeupe anaahidi vipimo vya bure. Anaweza kukubali bila kuelewa, akifikiri utafiti ni jina lingine la matibabu bora. Sivyo. Utafiti unafanywa juu jibu halijajulikana. Inawezekana usaidike, inawezekana usisaidike, na faida ikaenda kwa watoto wako.

Njo maana Tangazo la Helsinki, lenye wanganga wa dunia waliandika 1964 na kulirekebisha tena 2024, linaweka afya ya mgonjwa mbele ya faida ya sayansi. Utafiti unapashwa kupita kwanza kwenye komite ya etike. Kongo kuna komite ya taifa ya etike ya afya, na vyuo vikuu vingine viko na zao. Uganda, nyuma ya komite ya etike, wanaomba tena ruhusa ya baraza la taifa la sayansi na teknolojia.

Asiyejua kusoma hatiwi kidole tu hivi hivi: karatasi inasomwa kwa luga anayoisikia, mbele ya shahidi asiye wa kikundi cha watafiti. Kwa mtoto, mzazi anakubali, na mtoto mwenye umri wa kuelewa anaulizwa naye.

Mbele ya kutia sahihi, uliza hivi:

1. Nisipoingia, nitapata matibabu gani? Jibu linapashwa kuwa wazi. Kukataa hakuondoi haki yako ya kutibiwa.
2. Ni kitu gani kipya hapa: dawa, kiasi, ao vipimo tu? Kuna utafiti wenye unachukua damu na habari tu, bila kubadilisha dawa.
3. Madhara gani yanajulikana, na nikiumia juu ya utafiti, nani atanitibu na nani atalipa?
4. Usafiri, malazi na vipimo vya ziada vitalipwa na nani? Mtu akikuomba feza ili akuingize kwenye jaribio, hiyo ni alama mbaya. Simama hapo.
5. Damu na vipande vya uvimbe vyangu vitaenda wapi, vitawekwa muda gani, na jina langu litafichwa namna gani?
6. Utafiti ukiisha na dawa inanisaidia, nitaendelea kuipata?
7. Nikitaka kutoka katikati, nifanye nini? Unaruhusiwa kutoka siku yoyote, bila kueleza sababu. Lakini sema, juu wakusaidie kuacha dawa bila hatari.

Omba kopi ya karatasi yako. Omba siku moja ya kuzungumza na familia. Munganga mwenye anakukatalia hata usiku mmoja wa kufikiri, bila sababu ya haraka ya ugonjwa, hafanyi kazi yake vizuri.

Kwa kijana mwenye anataka kazi hii

Njia ni ndefu. Kwanza masomo ya uganga: kwa mfumo wa zamani wa Kongo ilikuwa miaka 7. Fakulte ziko Bukavu, Goma na Butembo pia. Kisha miaka ya kutumika, kisha ubingwa: magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji ao magonjwa ya wanawake. Nyuma yake njo unaweza kuomba nafasi ya kansere na utafiti. Kampala, kwa mfano, mafunzo ya kansere na damu ya watoto yalianza 2016 kwa ushirikiano na Makerere, na yanachukua miaka 2.

Vitu vitatu vinazuia wengi wa kwetu. Cha kwanza ni Kiingereza, juu Kampala kila kitu kinaandikwa kwa luga hiyo. Anza kukisoma mapema. Cha pili ni makaratasi: diplome yako inapashwa kutambuliwa na baraza la wanganga la inchi unayoenda, na hiyo inachukua miezi. Cha tatu ni hesabu za takwimu. Munganga mwingi anazikimbia, kumbe bila hizo huwezi kujua kama namba zako zinasema kweli.

Kuna kitu cha kuanza nacho hapa hapa, bila pasipoti. Kwenye hospitali nyingi za mikoa yetu, mgonjwa wa kansere anaandikwa vibaya: umri haupo, kijiji hakipo, hakuna anayejua kama alipona ao alikufa. Muuguzi ao munganga kijana mwenye anashika kitabu vizuri kwa miaka 2, akiandika kila mgonjwa, siku aliyoona uvimbe mara ya kwanza, siku aliyofika, na alipoishia, amekwisha kuanza utafiti. Burkitt mwenyewe alianza na picha, ramani na maswali.

Na maswali ya kwetu yako mengi. Mama mwenye kivimbe cha ziwa anachelewa wapi: nyumbani, kanisani, kwa mganga wa kienyeji, ao kwenye kituo cha afya chenye hakikumtuma mbele? Duru ya shimio ikikatika juu barabara imefungwa majuma matatu, munganga aendelee namna gani? Mtu wa London hawezi kuyajibu, juu hayamsumbui. Yanapashwa kuulizwa na munganga mwenye anajua njia ya Kamanyola na ya Kanyabayonga, na kujibiwa na wagonjwa wenye walikubali kwa akili zao wazi.